Skii ya Wanawake kwa Theluji Tifutifu: Istilahi Iseme Nini?

1. Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi haichagui fani. Mfasiri huletewa leo kitabu cha ufugaji wa nyuki, kesho maelezo ya mtambo wa kusaga, na keshokutwa karatasi ya duka la vifaa vya michezo ya majira ya baridi. Fani hii ya mwisho yaweza kuonekana ngeni mno kwa lugha iliyokulia kando ya bahari ya joto. Hata hivyo, Kiswahili hakikai tena pwani peke yake. Wasemaji wake wamo katika miji ya Norway, Austria, Uswisi, Kanada na Marekani, na wapo miongoni mwa watoto wao wanaosoma katika shule ambazo kwenda mlimani wakati wa theluji ni jambo la kawaida. Tena wamo Waafrika Mashariki waliokwenda kushindana. Mwaka 1998 Philip Boit wa Kenya alishiriki mbio za skii za masafa katika Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani. Mwaka 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika mashindano ya kuteremka mlima huko Pyeongchang, Korea Kusini.

Makala haya yanashika sehemu moja ndogo ya fani hiyo, nayo ni uchaguzi wa skii za wanawake kwa siku ambazo theluji mpya imeanguka kwa wingi na kulala laini juu ya mlima. Tumeishika sehemu hii kwa kuwa jina la kibiashara "skii ya wanawake" linafanana na istilahi kamili, kumbe ndani yake mna maana tatu zisizolingana. Mfasiri akilichukua kama lilivyo, msomaji wake aweza kutoa fedha nyingi akapata chombo kisichomfaa. Katika theluji ya kina kirefu, hasara hiyo si ya fedha tu, kwani mtelezaji anayezama kila hatua huchoka upesi, na aliyechoka huanguka mahali asipopaswa kuanguka.

2. Jina la chombo chenyewe

Utaratibu wa kutafuta istilahi unajulikana. Kwanza huangaliwa Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Afrika, na mwisho lugha za kigeni. Kwa chombo hiki hatuna budi kufika mwisho wa safari hiyo, maana chombo hakikuwapo kwetu. Jina lake lilitoka Norway likaenea duniani kote, na asili yake katika lugha ya kale ya huko ni neno lililomaanisha kipande cha mti kilichopasuliwa.

Kuna walio na desturi ya kutia irabu kati ya konsonanti mbili za neno la kigeni. Wakifanya hivyo hapa watapata "siki", na siki tayari imo jikoni. Kwa kuwa lugha imekwisha kuzoea maneno kama skuli, sketi na skauti, hakuna ubaya kuandika "skii" na kuliweka neno hili katika ngeli ya I-/ZI-: skii hii, skii hizi, jozi ya skii. Kitendo kiitwe kuteleza kwa skii, na mtendaji aitwe mtelezaji.

3. Theluji ya namna gani?

Kiswahili kina theluji, neno lililotoka katika Kiarabu, na kina barafu, lililotoka katika Kiajemi, ambako lilimaanisha theluji yenyewe. Sisi tumegawana kazi vizuri: theluji ni ile inayoanguka kutoka mawinguni ikiwa laini, na barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu. Mgawanyo huo unamfaa sana mtelezaji, kwa sababu skii inayofaa juu ya theluji nyingi huweza kuwa mzigo juu ya uso ulioganda.

Tatizo liko katika theluji mpya, kavu na nyepesi. Lugha za Ulaya huifananisha na unga au poda, na wafasiri wengine wamevutwa na mfano huo. Lakini neno "unga" katika mazungumzo ya siku hizi limebeba pia maana ya dawa za kulevya, na "poda" ni kipodozi. Mtu akisoma tangazo la "skii za poda za wanawake", mawazo yake yatakwenda kwenye meza ya kujipamba kabla hayajafika mlimani.

Kiswahili hakina haja ya kuazima mfano huo. Mkulima akikwatua shamba lake vizuri husema udongo ni tifutifu, yaani umelegea, una hewa ndani yake, na mguu ukiukanyaga huzama. Hiyo ndiyo sifa hasa ya theluji tunayoizungumzia. Theluji mpya iliyo kavu huwa na uzito wa kilo 50 hadi 100 hivi kwa mita moja ya ujazo, ilhali maji ya ujazo huohuo yana kilo 1,000. Sehemu iliyobaki ni hewa. Kwa hiyo tunapendekeza "theluji tifutifu". Kinyume chake ni "theluji iliyoshindiliwa", ile ambayo mitambo imepita juu yake ikaisawazisha kwa ajili ya watelezaji.

4. Kwa nini skii pana huelea

Kanuni yenyewe ni ileile inayoufanya mguu wa bata usizame matopeni kama mguu wa kuku. Uzito ukitandazwa juu ya eneo kubwa, kila sehemu ya eneo hilo hubeba kidogo.

Tuchukue mfano wa mwanamke ambaye uzito wake, pamoja na viatu na nguo, ni kilo 65. Akivaa skii nyembamba zenye urefu wa sentimita 155 na upana wa wastani wa sentimita 9, skii mbili zina eneo la sentimita za mraba 2,790, na kila sentimita ya mraba inabeba gramu 23 na ushei. Akivaa skii zenye urefu wa sentimita 172 na upana wa wastani wa sentimita 12, eneo linafika sentimita za mraba 4,128, na mzigo unashuka hadi gramu 16 hivi. Amepunguziwa takriban theluthi moja ya mgandamizo. Mwendo nao husaidia, kwa kuwa skii inayokwenda kasi huinuliwa na theluji inayoipisha chini yake.

Sasa mwanamke mwingine mwenye kilo 80 akivaa skii hizohizo pana, kila sentimita ya mraba itabeba gramu 19 na ushei. Wote wawili ni wanawake, na skii ni zilezile, lakini mmoja ataelea na mwingine atazama zaidi. Theluji haiulizi jinsia ya aliyesimama juu yake, huuliza uzito wake tu. Jambo hili lazima likumbukwe tutakapofika kwenye jina.

Upana huu haukuwapo zamani. Kwa muda mrefu skii za kuteremkia mlima zilikuwa nyembamba, sehemu ya katikati haikufika hata milimita 70. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Rupert Huber wa kiwanda cha Atomic huko Austria alitengeneza skii pana kwa kuiga ubao mmoja mpana ambao baadhi ya watelezaji huusimamia kwa miguu yote miwili. Mwaka 2002 kiwanda cha Volant kiliuza skii iliyoitwa Spatula, iliyotokana na fikra za mtelezaji Shane McConkey. McConkey alitazama skii za kuteleza juu ya maji, akaona kwamba theluji tifutifu inafanana na maji kuliko inavyofanana na uso mgumu. Spatula ilibinuka mbele na nyuma kama mtumbwi, na katikati ilikuwa pana kuliko ncha zake. Tangu hapo watengenezaji wengi wameifuata njia hiyo kwa kiasi hiki au kile.

5. Umbo la skii na maneno ya waunda vyombo

Ikiwa mtelezaji mwenyewe alikwenda kutafuta umbo kwenye chombo cha majini, nasi hatukosei tukienda kutafuta maneno huko. Waunda vyombo wa mwambao wana hazina ya maneno kwa kitu kirefu kinachopita juu ya kitu laini.

Sehemu ya mbele ya skii wengi wangeiita "ncha". Neno hilo lina kasoro mbili. Skii ina ncha mbili, na tena ncha hudokeza ukali, ilhali sehemu hiyo katika skii ya theluji tifutifu ni pana na mviringo. Mabaharia husema omo kwa upande wa mbele wa chombo na tezi kwa upande wa nyuma, na jozi hiyo imo hata katika methali isemayo kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kweli, tezi ni neno la waganga pia, lakini fani mbili haziwezi kugongana pale ambapo muktadha uko wazi. Tunapendekeza omo ya skii na tezi ya skii.

Sehemu nyembamba ya katikati iitwe kiuno. Hapa mfasiri awe mwangalifu. Akiandika "kiuno cha milimita 110 kwa wanawake", msomaji mgeni aweza kudhani kwamba ni mwili wake unaopimwa. Aandike daima "kiuno cha skii".

Skii ikilazwa juu ya sakafu, yaweza kukaa kwa namna mbili. Ikiwa katikati imeinuka na kugusa sakafu karibu na omo na tezi tu, umbo hilo ni tao. Tao husaidia kingo za chuma kushika uso mgumu, kwa sababu uzito wa mtelezaji hulilaza na kuzikandamiza kingo kwa urefu wote. Ikiwa omo, au omo pamoja na tezi, imeanza kuinuka mapema na kuuacha uso wa sakafu mbali kabla ya mwisho wake, umbo hilo tunapendekeza liitwe mbetuko, kutokana na kitenzi kubetuka. Omo iliyobetuka hupanda juu ya theluji, na ile isiyobetuka huchimba kama jahazi lililopakiwa mzigo mwingi mbele. Skii nyingi za theluji tifutifu zina mbetuko mrefu mbele, mbetuko mfupi zaidi nyuma, na tao dogo chini ya kiatu.

6. "Ya wanawake" maana yake nini?

Tumefika kwenye kiini cha makala haya. Katika maduka, skii huitwa ya wanawake kwa sababu tatu tofauti, na mara nyingi mnunuzi haelezwi ni ipi.

Sababu ya kwanza ni urefu na rangi. Umbo na viungo ni vilevile vya skii ya wanaume, ila imetolewa kwa urefu mfupi zaidi na kupakwa rangi nyingine.

Sababu ya pili ni wepesi. Umbo ni moja, lakini kiini cha mti ni chepesi zaidi au bamba la chuma lililo ndani limepunguzwa. Kiwanda cha Blizzard cha Austria, mathalani, kimeuza skii za jamaa moja kwa majina mawili, Rustler na Sheeva, hili la pili likiwa kwa wanawake.

Sababu ya tatu ni mahali pa kishikizo, yaani chombo kinachoshika kiatu juu ya skii. Jeannie Thoren wa Marekani alitumia miaka mingi kueleza kwamba skii na viatu vilibuniwa kwa kupimwa na miili ya wanaume, na kwamba wanawake wengi wangeteleza vizuri zaidi kama kishikizo kingesogezwa mbele kidogo. Hoja yake ilikuwa na uzito, na iliwalazimisha watengenezaji kufikiri. Lakini katika theluji tifutifu kuna jambo la kupima: kishikizo kikisogezwa mbele mno, uzito huilemea omo nayo ikazama. Ndiyo maana mnunuzi ashauriwe kuanza na alama iliyowekwa na mtengenezaji.

Maana hizi tatu hazilingani. Mwanamke mrefu mwenye nguvu anayeongozwa kwenye rafu ya "wanawake" aweza kukuta kwamba skii ndefu kuliko zote pale ni fupi kwake. Mwanamume mdogo wa mwili, kwa upande wake, huenda angefaidika na skii iliyo kwenye rafu ileile asiyothubutu kuigusa.

Tulinganishe na matumizi yetu ya nyumbani. Fundi akisikia "baiskeli ya kike" anajua mara moja kwamba bomba la juu limeinamishwa ili mvaaji wa gauni au kanga apande bila taabu. Jina hilo lina maarifa ndani yake. Lakini mwanamke mkulima aendapo kununua jembe haombi jembe la kike. Hulinyanyua, akaupima uzito wake, akautazama mpini kama ni mrefu au mfupi, kisha akachagua. Skii ya theluji tifutifu iko upande wa jembe.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, "skii ya wanawake" itumike pale tu mfasiri anapotaja jina la mtengenezaji, na maelezo ya vipimo yafuate papo hapo. Pili, "skii ya kike" iachwe kabisa, kwa sababu -a kike huweza kuchukuliwa kuwa ni sifa ya udhaifu, na hapa hakuna udhaifu unaoelezwa. Panapohusika wepesi pasemwe "skii nyepesi", panapohusika urefu utajwe kwa sentimita, na panapohusika kishikizo pasemwe "kishikizo cha mbele".

7. Mwongozo wa kuchagua

Istilahi zikiwa wazi, ushauri nao huwa mfupi. Mwanamke anayetafuta skii za siku za theluji nyingi na ajiulize haya:

(a) Uzito. Ajipime akiwa na viatu, nguo na mkoba atakaobeba. Hiki ndicho kipimo cha kwanza, kabla ya rangi na kabla ya jina la rafu.

(b) Urefu wa skii. Kwa kawaida skii ikisimamishwa hufika kati ya pua na utosi, na mtelezaji hodari au mzito aweza kuipitisha kidogo. Skii yenye mbetuko mrefu isimtishe kwa urefu wake, maana juu ya uso mgumu sehemu inayogusa chini ni fupi kuliko kipimo kilichoandikwa.

(c) Kiuno cha skii. Chini ya milimita 100 ni skii ya kila siku. Kati ya milimita 100 na 108 hivi humfaa mwenye jozi moja tu, anayekutana na theluji tifutifu mara chache. Kati ya milimita 108 na 118 ndizo skii za siku zenyewe, na hupata kazi ya kutosha mahali penye theluji nyingi kama kisiwa cha Hokkaido nchini Japani au milima ya Wasatch katika jimbo la Utah, Marekani. Upana una gharama yake pia. Juu ya theluji iliyoshindiliwa skii pana huchelewa kulalia ubavu, na magoti hufanya kazi zaidi.

(d) Unyumbufu. Omo iwe laini kiasi cha kukunjika inapokutana na theluji, na katikati pawe imara. Dukani mtu huweka tezi sakafuni, akashika omo kwa mkono mmoja na kusukuma katikati kwa mwingine. Skii isiyokubali kabisa ni ya mtu mzito au mwenye kasi kubwa.

(e) Kishikizo. Kazi yake si kushika tu, ni kuachia pia mtelezaji aangukapo. Kirekebishwe na fundi mwenye ujuzi, ambaye kwa utaratibu wa kimataifa wa ISO 11088 huuliza uzito, urefu wa mtu, umri, urefu wa soli ya kiatu na namna mtu anavyoteleza. Mteja asijipunguzie uzito kwa haya wala asijisifu uhodari asionao, kwa sababu goti ndilo litakalolipa.

(f) Kukodi kwanza. Sehemu nyingi za michezo zina maduka ya kukodisha. Siku moja ya kujaribu skii za namna mbili hufundisha kuliko maelezo mengi.

Yapo pia mambo ambayo skii haiwezi kuyafanya. Upana hauzuii maporomoko ya theluji. Nje ya njia zilizoandaliwa, mtelezaji asome tangazo la hatari la siku hiyo, ambalo Ulaya hutolewa kwa daraja 1 hadi 5, na asiende peke yake. Kila mmoja awe na kitafutio cha redio, koleo na fimbo ya kupimia kina. Karibu na miti pana hatari nyingine: theluji haijai vizuri chini ya matawi, hivyo huachwa shimo laini kulizunguka shina. Lugha nyingine huliita kisima, lakini kisima kwetu ni mahali pa uhai. Tunapendekeza "shimo la shina", ili jina lenyewe lionye.

8. Istilahi zinazopendekezwa

skii: ubao mwembamba mrefu unaofungwa chini ya kiatu kwa ajili ya kuteleza juu ya theluji, hutumika kwa jozi.

theluji tifutifu: theluji mpya, kavu na nyepesi, ambayo haijashindiliwa.

theluji iliyoshindiliwa: theluji iliyokandamizwa na kusawazishwa kwa mitambo.

omo ya skii: sehemu ya mbele ya skii.

tezi ya skii: sehemu ya nyuma ya skii.

kiuno cha skii: upana wa skii katikati, hupimwa kwa milimita.

tao: mwinuko wa katikati ya skii inapolazwa bila mzigo.

mbetuko: mwinuko wa omo au tezi unaoanza kabla ya mwisho wa skii.

unyumbufu: uwezo wa skii wa kukunjika na kurudi katika hali yake.

kishikizo: chombo kinachoshika kiatu juu ya skii na kukiachia mtelezaji aangukapo.

kitafutio cha redio: chombo kinachotoa na kupokea mawimbi ili kumpata aliyefukiwa na theluji.

shimo la shina: uwazi wenye theluji legevu kulizunguka shina la mti.

9. Hitimisho

Istilahi hizi ni mapendekezo, nazo zinaweza kukosolewa. Wapo watakaoona kuwa omo na tezi ni maneno ya watu wa mwambao tu, na wapo watakaosema kwamba tifutifu liachiwe mkulima. Hoja hizo tunazikaribisha, hasa kutoka kwa wasomaji wanaoishi katika nchi za theluji, ambao masikio yao yamekwisha kusikia Kiswahili kikisemwa mlimani. Jambo moja tungeomba lishikwe katika mjadala huo: neno lipimwe kwa kile litakachomwezesha msomaji kukifanya. Dada anayesimama mbele ya rafu ya skii huko Innsbruck au Calgary, mkononi ana karatasi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na aweze kwa karatasi hiyo kumwambia muuzaji uzito wake, urefu autakao na kiuno cha skii anachokihitaji.